Jiliwa la mkono la kale: tusome chuma kwanza, jina baadaye

NyundoNdogo (mwanzisha uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Kila mtu akitupia picha ya jiliwa la mkono la zamani, swali linalofuata ni lile lile: "Hii chapa ni ya nani?" Akitokea mmoja akataja jina, mjadala umefungwa hapo. Mimi ni fundi saa, vifaa hivi viko mezani kwangu kila siku, na majina yamenipotosha mara nyingi kiasi kwamba siku hizi jina nalisoma mwisho kabisa. Naomba nieleze kwa nini, na nyie wenye uzoefu mwongeze.

Kwa ambaye hajawahi kulishika: jiliwa la mkono ni lile dogo la kukaa kiganjani, halifungwi mezani. Miguu miwili ya chuma imeungana chini kwa bawaba. Katikati kuna springi bapa inayoyasukuma mataya yaachane, na skrubu moja inapita kati yake ikiwa na nati ya masikio mawili, unaikaza kwa dole gumba na kidole cha shahada. Kitu ambacho vidole haviwezi kukishika sawasawa, kama ufunguo, pini au kipande cha kufuli, unakibana humo kwa mkono wa kushoto na wa kulia unapiga tupa. Mafundi kufuli, mafundi bunduki, mafundi saa na masonara wote wamelitumia.

Shida ya kwanza ya kulitambua ni kwamba umbo lake halikupi umri. Joseph Moxon, aliyeandika kuhusu kazi za uhunzi huko London miaka ya 1670, tayari anataja aina mbili: lenye mataya mapana na lenye pua ya mraba. Zote mbili bado zinauzwa leo. Kwa hiyo ukiniambia "umbo lake ni la kizamani", hujaniambia kitu. Kilichobadilika ni namna ya kulitengeneza, na hiyo imeandikwa mwilini mwa chuma chenyewe.

Ukilipata, fungua nati yote, toa skrubu, panua miguu uangalie ndani. Ndani ndiko fundi hakujipamba.

Tafuta mshono. Jiliwa lililofuliwa kwa mkono juu ya fuawe halina. Lililopigwa na nyundo ya mashine ndani ya kalibu ya vipande viwili hubaki na ukingo mwembamba pale vipande vilipokutana. Nje waliusaga ukaisha, lakini nyuma ya springi, ambako jicho la mnunuzi halifiki, mara nyingi waliuacha. Ufuaji huo wa kalibu ulienea viwandani kuanzia katikati ya karne ya 19, hivyo ukiuona ukingo huo usijidanganye kwamba umeshika kitu cha karne ya 18.

Halafu bawaba. Kwenye kazi nzuri ya mkono, ulimi mmoja unaingia kati ya ndimi mbili na hata karatasi haipenyi. Lakini ukiupima, ulimi huo hauko katikati kamili. Umekatwa kwa tupa na jicho, na jicho lina upande wake. Mashine haina upande.

Angalia pia kama kuna vinukta au mikato midogo ndani ya miguu yote miwili: viwili huku na viwili kule, au vitatu kwa vitatu. Wengi hupiga picha vinukta hivyo wakiuliza ni chapa ya nani. Si chapa ya mtu. Fundi aliyekuwa akitengeneza majiliwa kadhaa kwa pamoja alitia alama kila jozi ili mguu usije ukaolewa na mguu mwingine. Kwangu mimi vinukta hivyo vina thamani kuliko jina, kwa sababu vinathibitisha kwamba miguu hii miwili ilisuguliwa pamoja tangu siku ya kwanza.

Thredi ya skrubu nayo inaongea. Joseph Whitworth alipendekeza kipimo chake cha meno ya skrubu mwaka 1841, pembe ya nyuzi 55. Marekani walimfuata William Sellers mwaka 1864 kwa pembe ya nyuzi 60. Kabla ya hapo kila karakana ilikuwa na meno yake. Ukiweka geji ya kupimia meno, ile yenye majani mengi ya chuma, na hakuna jani hata moja linalokaa, na meno yenyewe yamejaa mviringo kama yamekandwa badala ya kukatwa, hiyo ni dalili ya ukale. Ni dalili tu, kwa sababu karakana ndogo zilishikilia vifaa vyao vya zamani vya kukatia meno kwa miaka mingi baada ya kipimo kutangazwa. Na skrubu hubadilishwa. Ichunguze mara mbili: je, kutu ya skrubu na kutu ya mguu ni za rangi moja?

Nawasilisha. Za chapa nitaendelea nazo.

Kutu_Adui

Mkuu NyundoNdogo, shukrani sana. Nina swali dogo. La kwangu limeandikwa CAST STEEL kwenye taya. Jamaa mmoja aliniambia maana yake ni chuma cha kusubu, nisiliangushe maana litapasuka kama chungu. Nimeliweka kabatini tangu siku hiyo. Ni kweli?

NyundoNdogo

Litoe kabatini ndugu yangu, ulitumie!

Hayo maneno yamewachanganya wengi. CAST STEEL si chuma cha kusubu cha kutengenezea majiko. Ni feleji iliyoyeyushwa ndani ya chungu cha udongo mgumu, njia aliyoifanikisha Benjamin Huntsman karibu na Sheffield miaka ya 1740. Kabla yake feleji ilipatikana kwa kupika vipande vya chuma ndani ya mkaa, kaboni ikaingia zaidi pembeni kuliko katikati, kwa hiyo kipande kimoja kilikuwa kigumu hapa na laini pale. Huntsman aliiyeyusha yote, ikawa sawa kutoka ukingo hadi moyo. Ilimwagwa kwenye kalibu ikawa mche, kisha mche huo ukafuliwa kwa nyundo kama feleji nyingine yoyote. Kwa hiyo aliyepiga chapa hiyo alikuwa akijisifia ubora. Wafaransa waliandika ACIER FONDU, Wajerumani GUSSSTAHL, na maana ni ile ile.

Kwa utambuzi, maneno hayo yanakuambia aina ya feleji na lugha ya soko. Hayakuambii mtengenezaji. Viwanda vingi mno viliyatumia.

BintiSonara

Naomba niingie hapo kwenye chapa, maana sisi masonara tunayaona majiliwa yaliyopita mikono mingi.

Herufi nyingi zinazoulizwa humu ni za wenye mali. Karakana moja ina mafundi kumi, vifaa vinafanana, kila mmoja anapiga herufi zake ili jirani asimchukulie. Mimi nazitofautisha hivi: pitisha ukucha juu ya herufi polepole. Chuma kikipigwa stempu, kinavimba kidogo pembeni ya kila mstari. Kiwandani walipiga jina kabla ya kumalizia kwa tupa na kung'arisha, kwa hiyo ule uvimbe uliondolewa na ukucha unateleza. Mwenye mali alipiga baadaye, juu ya uso uliokwisha malizwa, na uvimbe ukabaki. Ukucha unakwama.

Tazama na kina chake. Jina la kiwanda hukaa kwenye stempu moja, linapigwa kwa pigo moja. Mkono ukiwa umeinama kidogo, herufi za upande mmoja zinazama na za upande wa pili zinafifia, lakini kwa mteremko ulio sawa, kama kivuli kinachopungua. Mwenye mali ana stempu ya herufi moja moja: ya kwanza imezama, ya pili imeelea, ya tatu imelala ubavu. Na akiwa na wasiwasi na jirani zake, anarudia herufi zile zile mara tatu.

La mwisho: mataya yamekazwa kwa moto na maji, ni magumu. Stempu ya kawaida ikipigwa hapo baada ya kukazwa inaruka. Ndiyo maana herufi za wenye mali mara nyingi utazikuta miguuni, kwenye chuma laini.

NyundoNdogo

Dada BintiSonara, hilo la mteremko wa kina sikuwahi kulisikia likielezwa vizuri namna hii. Nimechukua matatu ya kwangu nikayakagua kwa lenzi sasa hivi, ni kweli kabisa.

Mzee_wa_Tupa

Vijana, nimefurahi kuona mjadala huu. Niongeze la mji mmoja, kwa sababu bila huo hamtaelewa kwa nini jina linapotosha.

Vifaa bora vya mafundi saa vya Uingereza karne ya 18 vilitoka Lancashire, kusini yake, kati ya Prescot, Warrington na Liverpool. John Wyke alizaliwa Prescot mwaka 1720, akahamia Liverpool, na akatoa katalogi ya picha za vifaa iliyochorwa kwenye bamba za shaba, kila kifaa na namba yake, ili fundi wa mbali aagize bila kufika. Baada yake akavuma Peter Stubs wa Warrington, aliyezaliwa 1756 na kufariki 1806. Huyu alikuwa fundi tupa na wakati huo huo mwenye nyumba ya pombe iliyoitwa White Bear. Vitu hivyo viwili vilisaidiana: tupa kabla ya kuingia motoni zilipakwa uji uliochanganywa na masimbi ya bia, ili meno yasiungue na kupoteza kaboni.

Sasa sikilizeni. Stubs hakutengeneza kila kitu chini ya paa lake. Kazi nyingi zilifanywa na mafundi wadogo wadogo majumbani, vijiji vya pembeni, kila familia na utaalamu wake: huyu koleo, huyu majiliwa, huyu bikari. Walileta, yeye akakagua na kuuza kwa jina lake. Na baada ya kifo chake jina liliendelea kupigwa kwa zaidi ya miaka mia. Kwa hiyo ukishika jiliwa lililoandikwa STUBS, umeshika dhamana ya mfanyabiashara mkubwa. Mikono iliyolipiga tupa ni ya mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Jina hilo lilikua hadi likawa kipimo. Mpaka leo kuna jedwali za unene wa waya zinazoitwa kwa jina la Stubs, na Marekani nondo za feleji za kutengenezea vibanio na drili ziliitwa "feleji ya Stubs" hata zikitoka kwingine.

Kutu_Adui

Shikamoo mzee. Sasa nimechanganyikiwa. Kama ni hivyo, chapa ina faida gani?

Mzee_wa_Tupa

Marahaba mwanangu. Faida ipo, ila uiulize maswali inayoweza kujibu.

Chapa inakuambia nani alikubali kulaumiwa kifaa kikiwa kibovu. Inakuambia mji, na mji unakuambia desturi ya kazi. Sheffield walikuwa na chama cha wafua visu tangu 1624 ambacho kiliandikisha alama, kwa hiyo huko utakutana na alama za picha pamoja na majina. Marekani walipenda kuandika kampuni, mji na jimbo. Kiwanda cha Starrett, kilichoanzishwa Athol, Massachusetts mwaka 1880, hakikuacha kuuandika mji wake kwenye chuma. Wafaransa wana wanyama wao. Simba wa Peugeot alisajiliwa mwaka 1858, kabla hata ya gari la kwanza, akiwa alama ya misumeno na vifaa vya chuma. Lakini simba wako wengi duniani. Usimpe Peugeot kila simba unayekutana naye. Angalia anasimama juu ya nini na ameandikwa nini pembeni.

Na ukitafuta kwenye katalogi za kale, tafuta kwa lugha yake. Mwingereza anaandika vice, Mmarekani vise. Mjerumani ana Feilkloben, na lile lenye mataya yaliyoinama la kukatia kingo analiita Reifkloben. Mfaransa ana étau à main. Nimewahi kuhangaika mwezi mzima na jiliwa moja kwa sababu nilikuwa nikitafuta kwa Kiingereza kitu kilichokuwa kimelala kwenye katalogi ya Kijerumani.

FundiKufuli_K

Nina nyongeza ya tarehe, kwa sababu nimekuwa nikizikusanya kwenye daftari.

Jina la nchi ni saa nzuri sana. Uingereza walipitisha sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887, baada ya mafundi wa Sheffield kulalamika kwamba visu vya nje vinaingia vimepigwa jina la mji wao. Marekani wakafuata na sheria ya ushuru ya 1890: kuanzia Machi 1891 bidhaa ya kigeni ilipaswa kuandikwa nchi ilikotoka. Kwa hiyo jiliwa lenye neno GERMANY au ENGLAND kwa kawaida ni la miaka hiyo kuja mbele. Lisilo na nchi si lazima liwe la kabla, maana lililouzwa nyumbani halikuhitaji.

Herufi D.R.P. ni hataza (haki ya mvumbuzi, patenti) ya dola ya Ujerumani, tangu 1877. D.R.G.M. ni ulinzi wa umbo la kifaa, tangu 1891. Wafaransa wana S.G.D.G., tangu sheria yao ya 1844, maana yake hataza imetolewa bila serikali kudhamini kwamba kitu kinafanya kazi. Ilikaa hadi 1968, kwa hiyo peke yake haikusaidii sana. Uingereza kuanzia 1842 hadi 1883 walitumia alama yenye umbo la almasi kwa maumbo yaliyosajiliwa, na kuanzia 1884 wakaweka namba yenye herufi Rd mbele.

Sasa ile ninayoipenda kuliko zote. Hataza za Marekani, tangu katikati ya karne ya 19, hutolewa siku ya Jumanne. Tuseme una tarehe iliyolika na hujui kama ni Machi 3 au Machi 8, 1870. Fungua kalenda ya mwaka huo: Machi 3 ilikuwa Alhamisi, Machi 8 ilikuwa Jumanne. Ni 8. Tarakimu iliyokufa imesomeka bila kuigusa.

Karakana_Mpya

Wakuu habari zenu. Mimi mgeni. Nimerithi sanduku la vifaa na ndani kuna jiliwa la mkono, urefu kama kiganja changu, masikio ya nati yana matundu ya mviringo. Kutu ni nyingi. Kwenye mguu mmoja nasoma J.R., J.R., J.R., mara tatu. Upande wa pili kuna kitu kimeandikwa lakini kutu imejaa. Nimeshafunga brashi ya waya kwenye grenda, nilisafishe vizuri kisha nitupie picha. J.R. ni kiwanda gani?

NyundoNdogo

SUBIRI. Chomoa grenda kwanza, tafadhali.

Nakuambia kwa uchungu. Jiliwa langu la kwanza nililisafisha hivyo hivyo. Lilikuwa na mstari wa herufi ndogo chini ya taya, nilizihesabu kwa macho kuwa tisa au kumi, nikasema nikishaling'arisha nitazisoma. Nilimaliza kwa dakika mbili. Lilimetameta kama kijiko, na mahali pa herufi palikuwa uwanda mtupu. Kutu haikai juu ya chuma kama vumbi. Kutu ni chuma chenyewe kilichogeuka, na chapa ya kina kifupi mara nyingi imebaki ndani ya tabaka hilo hilo unaloling'oa. Sijalijua jina lile hadi leo, na ninalitumia jiliwa lile kila siku.

Fanya hivi. Liloweke kwenye mafuta ya taa, siku mbili au tatu, usiwe na haraka. Litoe, lifute kwa kitambaa. Chonga kijiti cha mwanzi au mbao laini, kiwe kama kisu butu, kwangua kwa hicho tu. Palipogoma, rudisha kwenye mafuta. Siki usitumie: inakula kutu na chuma, na inaacha uso wa kijivu ambao kingo za herufi zimelainika. Ukimaliza, ingia chumba chenye giza, washa tochi na uilaze chini kabisa ubavuni mwa jiliwa, mwanga upite juu ya uso kama jua la jioni. Zungusha tochi, si jiliwa. Herufi ambazo mchana hazionekani zitatupa kivuli. Unaweza pia kusugua chaki kisha kufuta juu, chaki inabaki mashimoni. Au weka karatasi nyembamba na usugue penseli.

Kuhusu J.R. mara tatu, msome BintiSonara hapo juu.

Karakana_Mpya

Nimechomoa. Asante mkuu, nimetetemeka nilivyosoma. Nimeliweka kwenye mafuta.

BintiSonara

Wakati unasubiri, kuna mambo unaweza kuangalia bila kusoma herufi yoyote. Ndani ya mataya kuna mfereji wa kushikia waya au pini? Kwenye bawaba, je, kuna tundu linalopita hadi nje ili waya mrefu utokee chini? Hiyo inakuambia lilitengenezwa kwa kazi gani.

Na tazama masikio ya nati. La kwangu sikio moja limelika kuliko jingine, upande ule dole gumba linaposukuma wakati wa kukaza. Mtu amelikaza kwa miaka na miaka kwa namna moja. Ukiona masikio makali pande zote na jiliwa lenyewe limechakaa, nati hiyo si yake.

Karakana_Mpya

Wakuu, siku ya tatu leo. Nimefanya kama mlivyosema, tochi imelala kabisa.

Upande wa pili: herufi nne zinasomeka vizuri, MANY, na mbele yake kivuli cha kitu kama R. Chini yake nukta nukta, nadhani D.R.G.M., ila G imekatwa na kitu. Hakuna jina la mtu wala la kampuni. Nimezungusha tochi hadi mkono umechoka. Ndani ya miguu kuna ukingo mwembamba nyuma ya springi, kama alivyosema NyundoNdogo. Mataya yana mfereji mmoja wa wima. Tundu la chini halipo. Masikio yote mawili ya nati yamelika upande mmoja.

Ni Boley? Nimesoma kwingine kwamba vifaa vya Kijerumani vya mafundi saa ni Boley.

Mzee_wa_Tupa

Umefanya kazi safi sana. Taratibu lakini na hilo jina. G. Boley wa Esslingen, kampuni ya 1870, walitengeneza vifaa vizuri na walijulikana kote, na ndiyo maana kila kifaa cha Kijerumani kisicho na jina hupachikwa kwao. Ujerumani ilikuwa na watengenezaji wengi. Chuma chako hakijasema Boley, basi na sisi tusikisemee.

Kimesema haya: kimetoka Ujerumani. Kina nchi kwa Kiingereza, kwa hiyo kilitengenezwa kiuzwe nje. Kina D.R.G.M., kwa hiyo si kabla ya 1891. Ukingo wa kalibu unakubaliana na tarehe hiyo. Nati ni yake, kwa ule ulaji wa masikio. Nieleze kitu kimoja: hiyo G imekatwa na nini?

Karakana_Mpya

Ni J. Kuna J.R. ya nne, sikuiona mwanzo kwa sababu ya kutu. Mkia wa J umepita juu ya G. Ukucha unakwama kwenye J, kwenye D na M haukwami, unateleza.

BintiSonara

Basi huo ndio mpangilio wa wakati. Kiwanda kwanza, J.R. baadaye, na alipiga bila kujali kilichoandikwa chini yake. Alitaka tu lijulikane ni lake.

NyundoNdogo

Karakana_Mpya, ushauri wangu: usiendelee kukwangua. Lifute, lipake mafuta mepesi ya mashine kwenye bawaba na skrubu, uso wake uache na rangi hiyo ya kahawia iliyokolea. Kisha andika kijikaratasi uliweke nalo sandukuni, ili atakayelipokea baada yako asianze upya. Andika kile tu kilichoonekana kwenye chuma.

Swali la mwisho kwa faida ya wote: hilo sanduku ulilirithi kwa nani, kama si siri? Na kulikuwa na kifaa kingine chenye herufi hizo hizo?

Karakana_Mpya

Kwa mjomba, naye alilinunua zamani likiwa limejaa hivyo hivyo. Hakuna J wala R kwenye ukoo wetu.

Nimerudi kupekua sanduku lote kwa tochi. Kuna tupa ya nusu mviringo, mpini wa mbao umepasuka, na kwenye chuma pale karibu na mpini: J.R. Kuna na koleo ndogo, ndani ya mkono wake: J.R., mara mbili. Stempu ni ile ile, mguu wa R una pengo dogo mahali pamoja kwenye vyote vitatu. Nimevipanga mezani pamoja.

Kijikaratasi kimeandikwa hivi: "Jiliwa la mkono, mataya yenye mfereji wima. Ujerumani, si kabla ya 1891, la kuuzwa nje. Jina la kiwanda halipo. Lilikuwa la J.R., pamoja na tupa na koleo."